Dondoo muhimu: Kulinda nyumba na akili

Simu zilale sebuleni. Usiku ndipo mtoto, na hata mzazi, hukutana na picha chafu akiwa peke yake. Chaja zote ziwekwe sehemu moja, na baba na mama watangulie kutii. Kwenye YouTube, zima video zinazojifuata zenyewe. Hizo ndizo humtoa mtoto kwenye katuni na kumpeleka asikotarajia.

Pimeni mahubiri pia. Hapa wengi hatukeshi. Tunaogopa muziki wa kidunia, lakini mtu akishika Biblia tunamfungulia mlango. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Basi mhubiri akikukataza hospitali, shule au kuongea na ndugu zako, ondoka. Akidai pesa ndipo akuombee, ondoka. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyosema Paulo ni kweli, wakasifiwa kwa hilo. Na mchungaji wako hamzidi Paulo.

Jazeni nafasi iliyobaki. Kuzima televisheni tu hakutoshi. Someni Wafilipi 4:8 pamoja baada ya chakula, kisha muulize mtoto ameona nini leo. Akikiri jambo la aibu, msikilize hadi mwisho. Akifokewa, safari nyingine atanyamaza.