Watoto wa Shule na Makao ya Ndege: Somo kwa Watu wa Butula

Butula, katika Kaunti ya Busia, ni nchi ya wakulima. Watu ni wengi na mashamba ni madogo, hata mahindi, mihogo na miwa hulimwa mpaka kingo za vijito. Miti mingi ya asili imekatwa kwa ajili ya kuni, makaa na kuchomea matofali, na mahali pengi pamepandwa mikaratusi, mti uliotoka Australia. Mkaratusi hukua upesi na huleta fedha, lakini hunywa maji mengi, na wadudu wachache tu wa nchi hii waweza kula majani yake. Basi palipo na wadudu wachache, na ndege huwa wachache.

Hasara hiyo si ya macho tu. Nyuki ndio wabebao chavua ya maboga na alizeti. Pasipo nyuki mavuno hupungua. Bundi, ingawa wengi humwogopa, hula panya waharibuo mahindi ghalani. Korongo taji, ambaye hutaga mayai yake katika vinamasi, aliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Sababu moja kubwa ni kwamba vinamasi vinakaushwa na kulimwa.

Mzazi mwenye ekari moja hawezi kuambiwa aache kulima. Lakini uwanja wa shule ni mali ya wote, na pembe zake nyingi hazina kazi. Wanafunzi wa Kenya walianza vyama vyao vya kuhifadhi wanyama mwaka 1968. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwa watoto.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza, watoto wapime kipande cha uwanja na kuandika daftarini ndege, vipepeo na miti waliyoiona. Wasipofanya hivyo, hawatajua baadaye kama kazi yao imefaa. Pili, wakusanye mbegu za miti ya kwao, kama mvule na lusiola, na kuziotesha katika kitalu chenye kivuli. Mkuyu waweza kupandwa kwa tawi nene. Mti huu ni hazina, kwa maana hondohondo na ndege wengine hula matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali.

Tatu, mashimo yachimbwe kabla ya mvua za masika, na miche ipandwe ardhi ikiisha kulowa. Miti mirefu ichanganywe na vichaka na majani, maana ndege wengine hukaa juu na wengine chini. Nne, miche itunzwe. Mbuzi wazuiwe kwa ua wa miiba, na majivu yatiwe kuzunguka shina ili kupunguza mchwa. Hatari kubwa ni likizo, shule inapofungwa na miche kusahauliwa. Hapana budi zamu ya kumwagilia maji igawanywe kwa watoto wakaao karibu.

Wazazi wengine husema kwamba vichaka huleta nyoka. Neno hilo lina haki ya kusikilizwa. Kwa sababu hiyo vichaka viwekwe mbali na madarasa na vyoo, njia zifyekwe, na watoto wafundishwe kutotia mikono katika mashimo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaka serikali ifikishe miti asilimia 10 ya nchi kwa uchache. Kiasi hicho hakitapatikana kwa misitu mikubwa peke yake. Mtoto aliyeotesha mvule shuleni ataomba nafasi ya mmoja nyumbani, na baba yake hatamkatalia kwa urahisi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni ndege gani waliokuwapo kijijini zamani ambao hawaonekani tena? Waulizeni wazee.
2. Kwa nini kupanda aina nyingi za miti ni bora kuliko kupanda aina moja?
3. Nani atamwagilia miche ya shule yenu wakati wa likizo?