Niende Vietnam, au nimwachie katibu?

Shangazi,

Mimi ni mjane wa miaka 47, naishi Tandahimba. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniachia watoto wanne na shamba la mikorosho. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaobangua korosho. Wafadhili wetu wanawapeleka wanavikundi wa Mtwara na Lindi nchini Vietnam kwa wiki mbili, mwezi wa Aprili, wakaone viwanda vya huko. Kikundi chetu kimepewa nafasi moja, na wenzangu wamenichagua mimi.

Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Nimeishia darasa la saba, Kiingereza sikijui, na ndege naiona ikipita juu tu. Katibu wetu ni binti aliyemaliza kidato cha sita na Kiingereza anakimudu. Ameniambia, "Mama, kule utakaa kama bubu, utatuaibisha." Shemeji yangu mkubwa naye amesema mjane hapandi ndege akalale hotelini katika nchi za watu, na nikienda nisimhesabu tena. Tena nasikia kule wanakula mbwa na nguruwe, na mimi ni Mwislamu.

Nimwachie katibu nafasi yangu?

Mbangua korosho, Tandahimba

*

Mwanangu, pole kwa msiba, na pole kwa kulea peke yako.

Nenda. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia.

Wenzako wanamjua katibu, na Kiingereza chake wanakijua. Bado wamekuchagua wewe. Wameona ni nani anayeitikisa korosho kiganjani akajua kama imekauka, nani anajua ni kwa nini kilo moja imetoa nzima na nyingine imetoa vipande, na ni vidole vya nani vimeunguzwa na mafuta ya ganda miaka yote hii. Ukimwachia mwingine nafasi hiyo, uamuzi wao utakuwa umeufuta bila kuwauliza.

Hilo la ububu limeniuma, kwa kuwa binti amekutisha na jambo lisilokuwapo. Huko lugha ni Kivietnam. Wafanyakazi wa viwandani wengi hawasemi Kiingereza, kwa hiyo katibu naye angekaa akimtazama mkalimani mdomoni kama utakavyofanya wewe. Waandikie wafadhili leo, uwaulize: je, kuna mtu wa kututafsiria kwa Kiswahili? Wakisema hakuna, wabane mpaka apatikane. Mfadhili yeyote anayewapeleka wabanguaji wa Mtwara na Lindi nje ya nchi anadaiwa hilo.

Katibu usimnunie. Kaeni naye aandike maswali mtakayokwenda nayo, na mwambie mbele ya kikundi kwamba safari nyingine ikija, wewe utakuwa wa kwanza kulitaja jina lake. Lakini lile neno la kuaibisha mwambie faraghani kwamba limekuumiza. Asipoambiwa sasa, atamwambia mwingine.

Nataka ujue pia unakwenda kuona nini, maana naona hofu imekusahaulisha. Tangu mwaka 2006 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Mashamba yao hayatoshi, kwa hiyo hununua korosho ghafi Kambodia, Côte d'Ivoire na kwetu. Korosho zako za msimu uliopita huenda zimepita mikononi mwa mama wa Bình Phước, mkoa uliokuwa kitovu cha zao hilo hadi Julai 2025 ulipounganishwa na Đồng Nai. Na hao nao zamani walikuwa wakiuza ghafi. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990 korosho zao zilikwenda India zikiwa na maganda, kama zinavyokwenda zetu. Wakati huo sisi tulikuwa na viwanda vikubwa vilivyojengwa miaka ya 1970, na vingi vikafungwa. Wao walianza na mashine ndogo, wakazirekebisha wenyewe, na leo mashine hizo wanaziuza nje.

Kwa hiyo usiende kushangaa majengo. Uliza mashine ya kubangua inavunja kiasi gani katika kila gunia, na inafanyaje punje zinapokuwa ndogo kama zile zetu za mwisho wa msimu. Vipuri vinapatikana wapi, umeme unakula kiasi gani, na fundi akikosekana mwanamke wa kawaida ataweza kuifungua? Uliza sana habari ya maganda. Sisi wengi tunayatupa au tunayachoma, ilhali wao wanakamua mafuta yake na kuyauza viwandani. Omba pia upelekwe kwa wabanguaji wadogo wa majumbani, kwa sababu huko ndiko kuna kipimo kinacholingana na kikundi chako. Kiwanda kikubwa kitakufurahisha macho tu.

Nakuonya kuhusu jambo moja. Wauza mashine watawakaribisha vizuri mno, na kati ya chai na zawadi karatasi itatokea. Usitie saini, wala usitoe ahadi ya malipo ya awali. Sema tu kwamba uamuzi ni wa kikundi, nao ni ukweli.

Sasa chakula. Mbwa wapo wanaomla, hasa kaskazini, lakini nyama hiyo ina maduka yake na haipenyezwi kwenye sahani ya mgeni. Wewe jihadhari na nguruwe. Yumo katika supu, katika mikate iliyojazwa nyama, na mara nyingine mafuta yake hukaangia mboga. Kwa watu wa kusini mwa Vietnam, utakakokwenda, maneno ya kukataa ni "không thịt heo", yaani pasiwe na nyama ya nguruwe. Mwombe mkalimani akuandikie kwenye kadi uionyeshe kila mahali. Ukiona kibao kimeandikwa "chay", ingia. Hapo hawapiki nyama ya aina yoyote, kwa kuwa ni mahali pa Wabudha wanaojizuia nayo. Samaki ni wengi na wali ni wa kila mlo, na ukishindwa na vijiti omba kijiko, hakuna atakayechukia. Ila usivichomeke vijiti wima katikati ya wali, maana ndivyo ubani unavyochomekwa kwa ajili ya wafu.

Katikati ya Ho Chi Minh, jiji ambalo wengi bado huliita Saigon, kuna msikiti katika barabara ya Đông Du uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu waliotoka kusini mwa India. Migahawa ya halali iko jirani na soko la Bến Thành. Kuhusu kupunguza na kukusanya swala kama msafiri, mwulize shehe wako kabla ya kuondoka. Kumbuka kibla: Tandahimba unaelekea kaskazini, kule utaelekea magharibi na kupinda kidogo tu kaskazini.

Fedha yao, dong, ina sifuri nyingi. Kwa kukadiria, ondoa sifuri moja upate shilingi. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya buluu, na tofauti yake ni kama elfu mbili na elfu hamsini zetu, kwa hiyo zitenganishe kwenye pochi. Pikipiki zitakutisha kuliko ndege. Njia ya kuvuka barabara ni kutembea polepole bila kusimama ghafla wala kurudi nyuma, nazo zitakupitia pembeni. Magari makubwa hayafanyi hivyo, hayo uyasubiri. Siku ya kwanza mshike mwenyeji mkono.

Watu watakutazama, hasa nje ya jiji. Wengine wataomba picha, na wako watakaotaka kugusa nywele zako. Una haki ya kukataa kwa tabasamu. Sitakuficha kwamba kule weupe wa ngozi unatukuzwa, na utawaona wanawake kwenye pikipiki wamejifunika mpaka vidole wakilikimbia jua. Ukikutana na dharau, jua haikuanza na wewe. Lakini usiyahesabu macho yote kuwa dharau, maana wengi hawajawahi kumwona Mwafrika ana kwa ana. Wakikuuliza umri usiudhike. Wanatafuta wakuite dada, shangazi au mama, kwa kuwa heshima yao nayo hupitia katika udugu. Kitu mpe mtu mzima kwa mikono miwili, na viatu uviache mlangoni. Hayo hukuhitaji kufundishwa.

Na utakapotoka jijini utaona minazi, mifenesi, mihogo, na mikorosho ikiwa katika mavuno, kwa sababu msimu wao huangukia kati ya Februari na Mei. Naamini hofu nyingi itakuishia hapo. Ila joto la Aprili kule ni kali, beba kanga nyepesi.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa kuwa ndiye mgumu. Mimi sioni kwamba ana haki ya kukuzuia. Eda ilikwisha zamani, watoto unawalisha wewe, na safari ni ya kazi, mkiwa kundi. Hata hivyo, usimjibu kwa ukali. Huenda anaogopa watu watasema nini, au anaogopa kweli yasikupate mabaya ukiwa mbali na mikono yake. Mwombe afisa wa wafadhili aje nyumbani, akae na shemeji na mzee mwingine mnayemheshimu, aeleze mtalala wapi, nani anaongozana nanyi na nani anagharamia. Mwachie shemeji nakala ya tiketi, jina la hoteli na namba ya kiongozi wa msafara. Mwambie utampigia kila siku saa kumi jioni ya kwetu, ambapo kule, kwa tofauti ya saa nne, itakuwa saa mbili usiku na kazi zimekwisha. Mkabidhi na jambo la kuangalia nyumbani ukiwa haupo. Mtu aliyepewa dhamana huwa mgumu kususa.

Akikataa bado, nenda. Atanuna, nami sitakudanganya kwamba haitakuuma.

Pasipoti ndiyo ya haraka sasa. Chukua kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, nenda Uhamiaji Mtwara. Ada ni shilingi 150,000, na wafadhili wanapaswa kuilipa, uwaulize. Viza ya Vietnam huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao, dola 25 kwa kuingia mara moja, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Usingoje shemeji akubali ndipo uanze. Panda gari wiki hii, na mazungumzo naye yaendelee ukirudi.