Jina la Mtoto: Elizabeti au Isabela?

Katika mtaa mmoja wa Bule alizaliwa mtoto wa kike. Ilikuwa alfajiri, na ukungu ulikuwa bado juu ya vilima. Mama alikuwa mzima, na mtoto alilia kwa nguvu. Majirani walileta kuni, maji na uji. Watu wote walifurahi. Lakini kabla ya jua kutua, furaha ile iliingia kivuli kwa ajili ya jambo moja: jina.

Mama wa mtoto alisema: «Ataitwa Elizabeti, kama mama yangu.»

Baba akajibu: «Hapana. Ataitwa Isabela, kama mama yangu mimi.»

Mama akasema: «Majina haya yanafanana sana. Mbona unakataa la kwetu?»

Baba akajibu: «Kama yanafanana, mbona wewe unakataa la kwetu?»

Siku tatu walisema hivyo. Siku ya nne hawakusema neno.

Baba alikuwa na sababu iliyomwumiza moyo. Desemba 2017 vita ilirudi katika nchi ya Djugu. Vijiji vingi vilichomwa moto, na watu wengi walikimbilia Bule. Nyanya Isabela alikimbia pamoja nao, akibeba mkeka na kuku wawili. Alikufa mwaka 2021, mbali na shamba lake, wala hakumwona mjukuu huyu. Lakini Nyanya Elizabeti yu hai. Ndiye aliyempokea mtoto na kumwogesha mara ya kwanza.

Basi, wazazi walikwenda kwa katekista. Yeye hakusema nani ana haki. Aliwakalisha, akawaeleza habari za majina hayo.

«Majina haya ni matawi mawili ya mti mmoja,» alisema. «Shina lake ni neno la Waebrania, Elisheba. Mke wa Haruni aliitwa hivyo. Maana yake ni kwamba Mungu ni kiapo. Yaani, Mungu akiahidi hageuki. Wayunani walitamka Elisabet. Ndilo jina la mama yake Yohana Mbatizaji. Jina lilisafiri kutoka nchi hata nchi, na kila watu walilitamka kwa ulimi wao. Katika Hispania na Ureno mwanzo wake ulipotea na mwisho wake ukabadilika, wakasema Isabel. Wafaransa wana yote mawili, Élisabeth na Isabelle.»

Baba akauliza: «Je, Isabela ana mtakatifu wake?»

«Yuko,» katekista akajibu, «tena ni ndugu wa yule mwingine. Mwaka 1207 alizaliwa Elizabeti, binti wa mfalme wa Hungaria. Mume wake alipokufa, alijenga nyumba ya wagonjwa huko Marburg, katika Ujerumani, akawatunza kwa mikono yake. Alikufa mwaka 1231, akiwa na miaka 24 tu. Sikukuu yake ni tarehe 17 Novemba. Dada yake wa baba mmoja alipata mjukuu wa kike, mwaka 1271. Mtoto huyo alipewa jina la mtakatifu yule wa ukoo wao, lakini kwa lugha ya kwao aliitwa Isabel. Baadaye akawa malkia wa Ureno. Sikukuu yake ni tarehe 4 Julai.

«Malkia Isabel aliona vita ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mume wake na mtoto wake walipeleka majeshi kupigana. Yeye alikwenda katikati yao, akawapatanisha. Hata mwaka 1336, alipokuwa mzee, alisafiri kwenda kuzuia vita nyingine, kisha akafa. Sisi wa Bule tunajua thamani ya mtu wa namna hiyo.»

Wazazi walinyamaza. Katekista akaendelea: «Tena kumbukeni Injili ya Luka. Elizabeti alipozaa, majirani walitaka kumwita mtoto Zakaria, kama baba yake. Mama alikataa. Zakaria hakuweza kusema, basi akaomba kibao, akaandika jina la Yohana. Baba na mama walikuwa na neno moja. Nendeni nyumbani, mtafute neno moja.»

Jioni ile walikaa pamoja karibu na moto. Nyanya Elizabeti alikuwa amempakata mtoto. Alikuwa amesikia mambo yote, lakini hakuwa ameulizwa. Sasa binti yake akamwuliza: «Mama, wewe wataka nini?»

Nyanya akasema: «Mwiteni Isabela.»

Binti yake akashangaa. Nyanya akasema tena: «Mimi nipo. Mtoto huyu ataniona, atakula chakula changu, atanijua. Mama wa mume wako hatamwona kamwe. Hata kaburi lake hatuwezi kulifikia sasa. Mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipokataza majina ya kigeni, yeye na mimi tulinyimwa majina yetu ya ubatizo katika karatasi za serikali. Yalibaki katika kitabu cha misioni na midomoni mwa watu. Nani atamwita Isabela tena, kama si sisi? Na kama majina ni mti mmoja, basi nami nimo.»

Baba wa mtoto aliinamisha kichwa. Kisha aliondoka, akaleta kuni, akaziweka karibu na mkwe wake bila kusema kitu.

Kesho yake walirudi kwa katekista. Alifurahi, lakini aliwaonya: «Majina yanayofanana huchanganyika upesi katika vitabu. Mwenye Heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Alipopelekwa shuleni kuandikwa, jina la dada liliandikwa kuwa lake, likabaki hivyo. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Dunia yote inamjua kwa jina la dada yake. Kwa hiyo mwandikisheni mtoto mapema kwa serikali. Sheria inatoa siku 90. Semeni jina polepole, herufi kwa herufi. Kisha msome mlichoandikiwa kabla ya kuondoka.»

Walifanya hivyo. Baba alisoma karatasi mara mbili. Iliandikwa Isabela, na baada yake jina la ukoo.

Maulizo

1. Kwa nini baba alitaka jina la Isabela?
2. Majina Elizabeti na Isabela yana shina gani? Maana yake ni nini?
3. Malkia Isabel alifanya nini katika vita ya mume na mtoto wake?
4. Nyanya Elizabeti aliacha nini, na kwa sababu gani?
5. Jina lako ulipewa na nani? Uliza nyumbani, kisha uandike maneno machache juu ya mtu aliyekuwa nalo kabla yako.