Somo la 9: Nguvu za Kusafiria

Gari dogo lina uzito wa kilo 1,000 hivi. Baiskeli ina kilo 15 hivi. Mtu akienda peke yake kwa gari kutoka Makoko hadi sokoni Musoma, petroli nyingi huchomwa kwa kusukuma gari lenyewe. Moshi wake huchafua hewa tunayovuta. Mpanda baiskeli hutumia nguvu za chakula alichokula.

Kwa safari ndefu, basi hufaa zaidi. Tangu mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam hupita katika njia zilizotengwa. Basi moja refu huchukua zaidi ya watu 100.

Zoezi
1. Gari likichukua watu 4, kila mtu husukumiwa kilo ngapi?
2. Kwa nini baiskeli haihitaji petroli?