Mwanafalaki Mbele ya Wenzake

Katika pwani yetu neno falaki limechafuliwa. Mtu akisema anakwenda kupigiwa falaki, wengi huelewa kwamba anataka kutazamiwa nyota yake, ajue kama safari au ndoa yake ina heri. Mwanafalaki tunayemkusudia hapa si huyo. Mpiga ramli akikosea hutoa udhuru, na mteja wake hana njia ya kumhakikisha. Mwanafalaki wa kweli huweka hesabu yake yote mbele ya watu wanaoweza kuirudia na kumkanusha.

Kazi yake pia si kama wengi wanavyodhani. Ni mara chache atie jicho kwenye darubini. Kwanza huandika ombi, akieleza anataka kutazama nini na kwa sababu gani. Baraza la wenzake huyapima maombi, na kwa darubini kubwa saa zinazoombwa huzidi sana zile zilizopo. Akipewa usiku wake na mawingu yakatanda, zamu imempita. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita mezani, mbele ya tarakimu.

Hebu tutazame mfano mmoja. Katika Jodrell Bank, kituo cha Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ipo darubini ya redio yenye upana wa mita 76, iliyoanza kazi mwaka 1957. Hapo Andrew Lyne na wenzake walikuwa wakipima palsa. Palsa ni kiini kilichobaki cha nyota iliyolipuka. Huzunguka upesi na kutuma mapigo ya redio kwa utaratibu kama wa saa bora. Ikiwa ina sayari, palsa huyumba kidogo, na mapigo yake huwahi au huchelewa. Mwezi Julai 1991 Lyne, M. Bailes na S. L. Shemar walitangaza katika jarida la Nature kwamba palsa PSR 1829-10 ina sayari inayoizunguka kwa miezi 6. Wakati huo hakuna sayari yoyote ya nje ya jamaa ya jua letu iliyokuwa imethibitishwa, na habari hiyo ikaenea duniani.

Tatizo lilikuwa katika hiyo miezi 6, nusu ya mwaka wetu. Sisi wapimaji tumepanda dunia inayokwenda. Nuru hutumia dakika 8 hivi kutoka jua hadi hapa. Basi pigo huwahi au huchelewa kutufikia kwa dakika kadhaa, kulingana na upande wa jua tuliopo. Mwendo huu lazima uondolewe katika hesabu kabla ya kusema lolote. Sasa, mahali pa palsa ile mbinguni palikuwa pamepimwa kwa kosa dogo, na katika kulirekebisha, njia ya dunia ilichukuliwa kuwa duara kamili. Nayo sivyo ilivyo: umbali wetu na jua hubadilika kati ya kilomita milioni 147 na milioni 152. Lyne aliporudia hesabu kwa uangalifu, sayari ikatoweka. Kilichoonekana kilikuwa kivuli cha mwendo wa dunia yetu wenyewe.

Alilitambua kosa hilo muda mfupi kabla ya mkutano wa wanafalaki wa Marekani mjini Atlanta, Januari 1992, alikoalikwa aieleze sayari hiyo hiyo. Angeweza kutoa udhuru asiende. Angeweza kungoja mtu mwingine aligundue, pengine baada ya miaka. Alisimama mbele ya wenzake, akaeleza kosa lilivyoingia, akasema sayari haipo. Walimpigia makofi kwa muda mrefu. Tangazo la kuifuta habari ile likachapishwa katika Nature mwezi huo huo.

Msemaji aliyemfuata alikuwa Aleksander Wolszczan. Yeye na Dale Frail walikuwa wametangaza sayari 2 za palsa nyingine, PSR 1257+12, iliyopimwa kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico. Mtaona jinsi zamu yake ilivyokuwa nzito! Lakini sayari zake zilizunguka kwa siku 66 na 98 hivi, vipindi visivyolingana na mwaka wetu wala nusu yake, na Frail alikuwa amekwisha kupima upya mahali pa palsa hiyo kwa darubini nyingine. Wengine walichunguza, sayari zikabaki, na mwaka 1994 ya 3 ikatangazwa.

Ama Lyne, mwaka 1996 alichaguliwa kuingia katika Royal Society ya Uingereza, na mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa waliotangaza palsa mbili zinazozungukana.