Kutuma Magurudumu Yaliyotumika: Piga Hesabu ya Nauli Kabla ya Kutaja Bei

Nyuma ya nyumba nyingi za Nyansiongo na kwingineko Borabu kuna magurudumu yaliyoegemezwa ukutani. Mengine yalitolewa kwenye Probox iliyowekewa rimu kubwa zaidi, mengine yalibaki baada ya gari kuuzwa vipuri. Yana thamani. Siku hizi mnunuzi si lazima awe jirani au mtu wa Keroka. Huenda ni mkazi wa Mombasa aliyeona picha kwenye simu. Tatizo huanzia hapo, kwa sababu gurudumu ni mzigo mbaya wa kusafirisha: zito, pana, na ndani yake ni hewa tupu inayolipiwa nauli.

Tuchukue mfano wa kijana aliyenunua magurudumu manne kamili, rimu pamoja na matairi yake, kwa shilingi 11,500. Akapata mnunuzi wa shilingi 16,000.

"Bosi, unatuma mpaka Mombasa?"

"Natuma, mkubwa."

"Na bei ni ileile?"

"Ileile."

Kwa neno hilo moja faida yake imekwisha. Tuseme boda boda ya kupeleka mzigo Keroka ni 300, na basi la Nairobi linatoza 400 kwa kila gurudumu, yaani 1,600. Nairobi mzigo unahamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa 600, kisha basi la Mombasa linatoza 500 kwa kila moja, yaani 2,000. Gunia na kamba ni 200. Jumla ni 4,700, ilhali faida aliyotarajia ilikuwa 4,500. Amefanya kazi ya siku mbili na kutoa 200 mfukoni. Viwango hivi ni vya mfano tu, na kila kampuni ina vyake, lakini mpangilio wa safari ndio huo. Kutoka upande huu mzigo wa Pwani kwa kawaida hupitia Nairobi, na kila unapobadilisha gari kuna mtu wa kulipwa.

Kwa hivyo bei ya magurudumu na nauli vitajwe kando, tangu simu ya kwanza. Muuzaji apige simu ofisi ya mabasi au ya vifurushi kabla ya kujibu swali la "unatuma?", aulize nauli hadi mji wa mnunuzi, na aulize kama mzigo utabadilishwa njiani. Kampuni yenye ofisi kwenye miji yote miwili huenda ikaonekana ghali kidogo, lakini inaondoa gharama ya kuhamisha mzigo Nairobi. Pia hati ya mzigo inabaki moja, kwa hivyo ukipotea haijulikani tu kwamba umepotea, inajulikana umepotelea mikononi mwa nani.

Tairi ndilo linalokula nafasi

Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi kama 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo, ambayo ni karibu milimita 127. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini, gurudumu hilo lina kimo cha karibu sentimita 63 na nusu.

Kampuni nyingi za vifurushi, hasa zinazotumia ndege, hupima uzito na pia nafasi, kisha hutoza kwa kile kilicho kikubwa. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 5,000. Gurudumu la mfano wetu likifungwa katoni ya sentimita 65 kwa 65 kwa 21, linahesabiwa kama kilo 18 hivi. Rimu peke yake, bila tairi, inaingia katoni ya sentimita 41 kwa 41 kwa 19, na kwa kanuni hiyohiyo haifiki kilo 7. Nafasi imepungua hadi karibu theluthi. Hata makanga anayekadiria kwa macho tu anaona tofauti hiyo anapofungua buti.

Ndiyo maana swali la kumuuliza mnunuzi mapema ni hili: anataka rimu au anataka na matairi? Wengi wanataka rimu tu, wana matairi yao. Kumlipa fundi wa pancha atoe matairi manne huenda kukawa nafuu kuliko nauli yake, na tairi lililoisha halistahili safari ya Mombasa. Libaki Nyansiongo, wapo mafundi wa akala watakaolifurahia kuliko mwenye gari.

Tairi likitumwa, muuzaji apige picha ya namba nne za mwisho za alama ya DOT. Namba 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisizidi miaka 10 hata kama meno yake bado ni marefu. Apige picha pia ya vivimbe vidogo vilivyo kati ya meno. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Mnunuzi akiyaona hayo kabla ya kulipa hatayarudisha baada ya kupokea.

Matundu matano si matundu matano

Hasara kubwa kuliko zote ni mzigo unaorudi, kwa sababu nauli inalipwa mara mbili na hakuna kilichouzwa. Chanzo kikubwa ni rimu kutoingia. Probox ina matundu manne, na hilo kila mtu analiona. Lakini Premio na Noah zote zina matundu matano, na rimu ya moja haiingii kwenye nyingine: ya Premio matundu yake yako kwenye duara la milimita 100, ya Noah milimita 114.3. Kwa picha zinafanana kabisa.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwenye rimu ya matundu matano, weka rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata. Ukipata karibu milimita 59, duara ni 100. Ukipata karibu milimita 67, duara ni 114.3. Kwenye rimu ya matundu manne, pima kutoka tundu moja hadi lile linalolikabili, na namba unayoipata ndiyo yenyewe. Picha ya rula ikiwa juu ya rimu itumwe kwa mnunuzi, pamoja na namba zilizochapwa nyuma ya rimu.

Kufunga, kulipwa na kuthibitisha

Rimu za alumini huchubuka haraka. Zifungwe mbili mbili, nyuso zikitazamana, katikati kipande cha katoni au blanketi kuukuu. Nati na vifuniko viingie kwenye mfuko mmoja uliofungwa ndani ya rimu. Kila kipande kiandikwe jina na simu ya mpokeaji, mji, na "1 kati ya 4", "2 kati ya 4", hadi mwisho. Kipande kisichoandikwa ndicho hubaki kwenye buti.

Nauli ilipwe na mnunuzi kabla mzigo haujaondoka. Muuzaji aangalie salio lake la M-PESA mwenyewe, asitegemee picha ya ujumbe aliyotumiwa. Risiti ya mahali alikopata magurudumu aihifadhi pia, kwani kupokea au kuuza mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kwa kawaida huchukulia kwamba mzigo uliokabidhiwa msafirishaji umekabidhiwa mnunuzi, isipokuwa wawili hao walikubaliana vingine. Lakini muuzaji anatakiwa awe amefanya mapatano ya busara na msafirishaji huyo. Kumpa dereva asiyejulikana bila hati yoyote ni vigumu kuitwa busara. Mgogoro wa kiasi kisichozidi shilingi milioni moja unaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Atakayefika huko awe na hati ya mzigo, ujumbe wa malipo, na zile picha za rula.