Kipakatalishi kikikataa waifai: jua kosa liko wapi kabla ya kumwita fundi

Kila aliyesajiliwa kwa ushuru wa mapato anatakiwa kuwasilisha ritani ya KRA kufikia Juni 30, hata kama hakupata kipato. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Wengi husubiri hadi siku za mwisho, na hapo ndipo waifai ya nyumbani inapogoma.

Kosa huwa katika mojawapo ya sehemu tatu: kipakatalishi, ruta au laini ya kampuni ya intaneti. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Pima kwa simu
Zima data ya simu, iunganishe na waifai hiyo hiyo, kisha fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, kosa liko kwenye kipakatalishi. Endelea na hatua ya 2. Usipofunguka, nenda hatua ya 4.

2. Kipakatalishi hakiungani
Tazama iwapo alama ya ndege imewashwa, kwani huzima waifai. Izime. Kisha kisogeze kipakatalishi karibu na ruta. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za nyumba za mji wa kale wa Malindi, hudhoofisha mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Ruta ikitoa majina mawili, chagua la gigahezi 2.4: hupenya ukuta vyema zaidi, na vipakatalishi vingi vya zamani huona hilo pekee.

Kikigoma bado, bonyeza jina la waifai yako, chagua “Forget”, kisha uandike nywila upya. Herufi kubwa na ndogo hazilingani. Ikiwa nywila ilibadilishwa karibuni, ile ya zamani haitafanya kazi.

3. Kimeungana lakini kurasa hazifunguki
Angalia tarehe na saa. Betri ndogo ya ndani ikifa, kipakatalishi huweza kurudi miaka ya nyuma, na tovuti salama hukikataa. Rekebisha tarehe, kisha ukizime na kukiwasha tena.

4. Hata simu haipati intaneti
Hakikisha malipo ya mwezi hayajaisha. Chomoa ruta kwenye stima, subiri sekunde 30, ichomeke na uipe dakika tano. Usibonyeze kile kitundu kidogo cha nyuma. Hufuta mipangilio yote iliyowekwa na kampuni. Kwa intaneti ya nyaya za faiba, taa nyekundu aghalabu ni ishara kwamba laini imekatika. Hilo ni jukumu la kampuni: piga simu na uchukue nambari ya malalamiko. Usiposaidiwa, unaweza kulifikisha suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

5. Muda ukiyoyoma
Washa hotspoti ya simu. Ritani ya asiye na mapato hutumia data kidogo. Au fika Huduma Centre ya Kilifi au Malindi. Ukienda saiba, andika nywila mwenyewe, kataa kompyuta ikitaka kuihifadhi, na uondoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Anayeijua nywila yako ya KRA anaweza kuwasilisha ritani kwa jina lako.

Jaribio la simu halichukui hata dakika tano. Lifanye kwanza, usije ukamlipa fundi kwa kosa lililo kwenye laini.